Malkia wa Lobatse

Kwa miaka mitatu, kila siku ya kazi, ikifika saa kumi na mbili jioni sisi watatu tulikuwa mtandaoni. Mimi Francistown, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu. Othusitse Lobatse, kwa bibi yake. Gofaone Tlokweng, pembeni mwa Gaborone, kwa wazazi wake, na shahada ya uhasibu ambayo haikuwa imempatia kazi yoyote. Gemu yetu ilikuwa ile ya kisiwa: watu sitini wanashuka kwa miamvuli, watatu watatu, wanawindana mpaka ibaki timu moja. Sote watatu ni wanaume tunaopenda wanaume. Mimi hapa Francistown sikuwa nimemwambia mtu. Waliojua ni wale wawili tu.

Tulijuana kwa sababu ya matusi. Siku hiyo mashine ilitupanga timu moja bila kufahamiana, na mchezaji mmoja wa upande wa pili akaisikia sauti ya Othusitse. Ni sauti nyembamba, ya kuvuta maneno, huwezi kuisikia mara moja ukaisahau. Yule mtu akamwita shoga. Othusitse akamjibu taratibu, kama anayepokea mgeni: "Ndiyo, baba. Na huyo shoga yuko njiani anakuja kukuchinja." Na kweli akamfuata mpaka kwenye ghala alikojificha, akammaliza. Gofaone alicheka mpaka pedi ya kuchezea gemu ikamdondoka. Raundi ilipoisha hakuna aliyetoka.

Kazi ya Othusitse ilikuwa kukata nyama kwenye bucha ya mama mmoja pale Lobatse. Wateja walimpenda kwa maneno yake, na kwenye gemu alijiita Malkia wa Lobatse. Sisi alituita mashosti. Nilimjua bibi yake kwa kikohozi kabla sijamwona kwa macho. Nilijua mama yake Gofaone anaita mara ngapi kabla hajakasirika kwamba chakula kinapoa. Wao nao walijua habari za jamaa wa vipuri, ambaye duka lake linatazamana na letu la betri za magari, na ambaye kila asubuhi alinisalimia kwa kunyanyua kikombe cha chai. Salamu ile tuliijadili nusu mwaka. Othusitse alisema ni posa. Gofaone alisema ni chai tu.

Tuliwahi kuonana ana kwa ana mara moja, nyumbani kwa kina Gofaone. Tulijifanya tulisoma naye chuo. Othusitse alileta mbavu za ng'ombe kwenye ndoo ya barafu, akazichoma mwenyewe, na jioni ilipoingia baba yake Gofaone, mwalimu mstaafu asiyependa wageni, alikuwa anamuuliza atarudi lini.

Jumapili moja mchana, baada ya watu kutoka kanisani, Othusitse alituhadithia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mjomba wake alimpeleka kwa nabii. Walimfungisha siku tatu, halafu wakamsimamisha mbele ya waumini na kumnywesha maji ya moto yenye chumvi, kikombe juu ya kikombe, ili alitapike pepo la kike. Hakutapika. Tumbo lilimwachia, akajichafua pale pale, mbele ya watu. Nabii akatangaza kwamba pepo limetoka. Bibi yake akapiga vigelegele, akalia kwa furaha, na Othusitse alipoona furaha ile akasema ndiyo, nimepona. Tangu siku hiyo bibi yake aliamini hivyo, naye akamwacha aamini. Alipomaliza kuhadithia hapakuwa na mzaha. Nilimsikia Gofaone akipenga kamasi.

Mwaka uliofuata Gofaone alipata timu. Alikuwa na kipaji kutuzidi sisi wote, na kundi moja la Gaborone, lililofadhiliwa na mwagizaji wa hedifoni, lilimchukua kwa mshahara. Wakawa wanacheza laivu, watu elfu mbili tatu wanatazama. Tulifurahi kama tumechaguliwa sisi. Alituomba kitu kimoja tu, kwamba tusimtaje huko. Tukakubali bila kinyongo. Kila mmoja wetu alikuwa na mahali ambapo wenzake hawatajwi.

Akaanza kukosa jioni moja moja, kisha wiki nzima. Mimi na Othusitse tukaendelea, na mwezi wa tano tukajiandikisha kwenye mashindano ya nchi nzima pamoja na mchezaji mmoja wa Maun tuliyemwazima tu. Tukavuka hatua ya kwanza na ya pili. Hatua ya tatu, Jumamosi saa nane mchana, tukapangwa raundi moja na timu ya Gofaone. Othusitse alifurahi. Alisema angalau tutamsikia sauti.

Siku ile kaka yangu Chawada alikuwa nyumbani. Aliposikia ni mashindano akaketi kwenye kochi nyuma yangu, akaniambia nichomoe hedifoni ili naye asikie. Nikachomoa. Kabla ya raundi kuanza huwa kuna dakika tatu za kungoja, na wote walioingia husikiana. Othusitse akasalimia kama kawaida yake: "Habari za mchana, waheshimiwa."

Mmoja wa timu ya Gofaone akaiga sauti ile. Mwingine akaiga zaidi. Othusitse akawaambia wakihitaji masomo ya kuongea waje na ada, na mambo yangeishia hapo, maana tulishayazoea. Ila yule wa kwanza akasema, "Gofa, mbona wewe huchekagi watu hawa? Au ni dada yako?"

Nilikuwa na mkono juu ya pedi.

"Huyo mwacheni," Gofaone akasema. "Huyo walishampeleka kwa nabii, wakamnywesha maji ya chumvi autapike ushoga. Badala ya kutapika akajiharishia mbele ya kanisa zima."

Kicheko kilichofuata kilijaa chumba chetu cha mbele. Mtu akasema pepo lilitokea mlango wa nyuma. Gofaone naye alicheka. Kicheko chake nakijua, kina mkwaruzo mwishoni.

Nyuma yangu kaka alikuwa anajipigapiga goti kwa kucheka. Akauliza, "Hawa ndio unaocheza nao kila siku?"

"Siwajui," nikasema. "Mashine ndiyo inayopanga."

Na kidole changu kilikuwa kimeshazima maiki. Sikukiamuru. Kilikwenda chenyewe, kama mkono unavyoruka kutoka kwenye sufuria ya moto.

Maiki ya Othusitse ilibaki wazi, na kilichosikika ni jogoo wa jirani yao tu. Raundi ilipoanza alishuka kisiwani, akasimama pale alipotua, hakusogea hatua moja mpaka mtu akaja kumpiga risasi. Mimi na yule wa Maun hatukufika mbali. Kaka alisema tumecheza vibaya, akaenda zake kutazama mpira.

Mtu alikuwa amerekodi. Klipu ilikuwa ya sekunde arobaini, na jina lilikuwa limeandikwa pale kwenye skrini, Malkia wa Lobatse, pamoja na ile sauti ya salamu. Mji wenyewe si mkubwa, na sauti ile walikuwa wakinunua nayo nyama kila siku. Kufika Jumanne klipu ilikuwa buchani. Wateja walianza kumuuliza kama amenawa. Mama mwenye bucha, ambaye alikuwa akimsifia kwa watu, alimhamishia nyuma kwenye majokofu, na wiki mbili baadaye akamwambia apumzike kwanza, atamwita. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule simu yangu hakuipokea.

Mwisho wa mwezi mwajiri wangu alinituma Gaborone kufuata betri. Nikamwandikia Gofaone, akakubali tuonane kwenye mgahawa wa kuku ulio karibu na stendi. Alikuja na fulana ya timu yenye jina lake mgongoni. Aliagiza kuku na chipsi za watu wawili kabla sijaketi vizuri. Amenenepa kidogo, nikaona, na alikuwa anatazama mlango.

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akisema aliteleza, au kwamba hakujua kuna anayerekodi. Hakusema hivyo. Alisema alikuwa hapati usingizi tangu siku ile. Alisema timu wanakaa nyumba moja, watu watano, na hakuna siri katika nyumba ya watu watano.

"Walikuwa wameanza kuniuliza, Mbako. Wiki tatu mfululizo. Kwa nini sina demu, kwa nini sichekagi. Ilibidi niwape mtu."

"Ukawapa Othu."

"Ningempa nani? Wewe?" Aliifuta mikono yake kwa karatasi, kidole kwa kidole. "Yeye sauti yake inamtangaza tayari. Mimi na wewe bado tunaweza kujificha."

Nikamwambia maneno mengi. Nilimwambia yeye ni mtu wa kuuza watu. Nilimkumbusha zile mbavu zilizochomwa nyumbani kwao, na kamasi alizopenga Jumapili ile. Sikupandisha sauti, kwa sababu watu walikuwa meza za karibu, lakini nilisema yote. Kisha nikainuka, kuku nikamwachia. Nilitoka pale najisikia mwepesi, kama mtu aliyelipiza. Betri zisingekuwa tayari mpaka kesho yake, basi nikapanda basi la kwenda Lobatse. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno yale upya ili nimsimulie Othusitse vizuri.

Bibi yake alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba bila kuuliza mimi ni nani.

Othusitse alikuwa anafua. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile, na ndiyo iliyonifanya nishindwe kuanza. Alinipa ndoo niigeuze nikalie. Akanieleza habari za bucha, kwa kifupi, kama anavyoeleza mtu habari za jirani. Kuhusu bibi, alisema binamu yake mmoja ndiye aliyemchezea klipu kwenye simu, mara mbili, maana mara ya kwanza bibi hakusikia vizuri. Bibi hakufoka. Alingoja mpaka wakati wa kula, akamuuliza swali moja: "Kumbe halikutoka?" Tangu hapo anampakulia chakula, anamwachia mezani, na yeye anakwenda kula kwa jirani.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamsimulia niliyomwambia Gofaone, neno kwa neno, hata nikayaongezea chumvi kidogo. Aliendelea kukamua suruali mpaka maji yakaisha, na hata yalipoisha aliendelea.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akauliza.

"Siku ile? Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Niliona maiki yako ikigeuka nyekundu."

Nikamweleza kuhusu kaka, kochi, na hedifoni nilizochomoa. Alisikiliza yote. Alinisaidia hata, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo, akisema ndiyo, kaka, ndiyo, naelewa. Kisha akauliza, "Kaka yako alicheka?"

"Alicheka."

"Na wewe?"

Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilitabasamu. Niligeuza uso kidogo kuelekea kwenye kochi, nikatabasamu, ili kaka aone.

Sijui kama alinisadiki. Aliianika ile suruali, akaipigapiga ili isikunjamane, akasema basi la mwisho la Gaborone linaondoka saa kumi na moja, nisije nikalikosa. Alinisindikiza mpaka getini. Pale getini akanishika mkono kwa mikono miwili, kama tunavyomshika mtu mzima au mgeni. Hakuniita shosti. Aliniita rra, yaani bwana, kama alivyowaita wateja.

Mwezi wa saba alikwenda Ghanzi, kwenye ranchi za ng'ombe, kuchinja. Hilo niliambiwa na bibi yake nilipopiga simu ya nyumbani, naye alikata kabla sijauliza la pili. Jina lake la kwenye gemu limefutwa. Kama bado anacheza, anacheza kwa jina nisilolijua, na kama ni mimi ningecheza bila maiki. Mara nyingine mashine hunipangia mtu asiyesema kitu, na mimi humsalimia, nangoja, kisha naendelea.

Gofaone anaendelea vizuri. Timu yake ilikwenda Johannesburg ikashika nafasi ya nne. Picha yake imebandikwa kwenye kioo cha duka la simu hapa Francistown, na hedifoni shingoni, na ninapita hapo kila siku nikienda kazini.

Mwezi wa tisa aliniandikia neno moja: "Upo?" Nikaliacha siku mbili. Siku ya tatu Chawada na mkewe walikwenda harusini, nyumba ikawa tupu, nikala peke yangu, nikaosha sahani yangu, nikakaa. Hapakuwa na mtu mwingine katika nchi nzima ambaye ningeweza kuongea naye bila kuchunga kila neno. Nikamjibu kwamba nipo.

Tulicheza raundi nne, mbili tukashinda. Bado tunajuana; akisogea kushoto najua bila kuambiwa kwamba mimi ni wa kulia. Kati ya raundi alisema mama yake amegunduliwa na kisukari, na kwamba hataki kuacha sukari kwenye chai. Nikamwambia pole, na nilimaanisha. Akaniuliza kazi inaendaje. Nikamwambia inakwenda.

Hakuna aliyemtaja Othusitse. Gofaone akauliza kama bado nina bando. Nikasema ninalo, tukaingia raundi nyingine.