Mpaka Ziwani kwa Baiskeli Moja

Vumbi la asubuhi lilikuwa jekundu, laini kama unga. Lilipanda polepole nyuma ya gurudumu, likatua polepole, kama kitu kisicho na pa kwenda. Osundwa alikuwa mbele akinyonga baiskeli. Kageha, mkewe, alikuwa nyuma kwenye keria, mikono yake imeshika chuma cha kiti, haikumshika yeye.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka wa tisini na saba. Miezi minne ilikuwa imepita tangu wamzike Mitchel, binti yao wa pekee, aliyechukuliwa na malaria akiwa na miaka saba. Miezi minne ya "chai iko mezani", ya "mvua inakuja", ya "funga mlango". Maneno mengine yote yalikauka. Asubuhi hiyo Kageha alitoka amevaa gauni la kanisani, akasimama kando ya baiskeli.

"Nipeleke nione ziwa," akasema.

Osundwa alijaza magurudumu upepo.

Wakapita jiwe la Ilesi, lile jiwe kubwa linalochuruzika maji kutoka kichwani, ambalo watu husema linalia. Osundwa alilitazama kama anavyotazama ukuta. Akanyonga.

Mlima ukija, Kageha alishuka, akatembea. Mteremko ukija, alipanda. Mlima, akashuka. Mteremko, akapanda. Daraja la Yala, Chavakali, Mbale; migomba, mahindi, mawe makubwa yaliyokaa mashambani kama ng'ombe waliolala; na milima tena. Jasho lilimtiririka Osundwa, lakini lilikuwa kama jasho la mtu mwingine. Hakusikia jua. Hakusikia mlima.

Pale Majengo muuza ndizi mmoja aliwaona na nguo zao nzuri.

"Mnaenda matanga ya nani?"

"Hatuendi matanga, mama," Kageha akajibu. "Tunatembea tu."

"Kwa baiskeli? Na hii milima yote?" Mama akacheka. "Watu wa siku hizi mnajitesanga bure."

Akawapa ndizi mbili. Wakala wamesimama. Osundwa alimeza tu, ladha hakuiona.

Ni maneno mawili yaliyokuwa yakizunguka kichwani mwake pamoja na magurudumu: tungoje asubuhi, tungoje asubuhi. Ndivyo alivyosema jioni ile, mtoto akichemka kwa homa, mvua ikipiga mabati. Tungoje asubuhi. Asubuhi ilifika, Mitchel hakuifikia. Tangu siku hiyo alisubiri Kageha amlaumu. Kageha hakumlaumu. Hilo ndilo lililomgandisha.

Kutoka Riat barabara iliporomoka. Breki zililia, upepo ukavuma masikioni, na saa nane walikuwa ufukweni. Walisimama. Maji hayakuwepo. Magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa, kijani kizito mpaka macho yachoke, na mashua zimenaswa humo kama zimeota mizizi.

"Maji yako wapi?" Kageha alimuuliza mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga.

"Yako hapo chini, dada. Fungua kwa mkono."

Kageha akavua viatu, akaingia. Akayasukuma magugu kwa mikono miwili, huku na huku, mpaka pakawa na shimo, maji kiasi cha beseni, meusi, yametulia. Osundwa akaingia nyuma yake, na viatu vyake miguuni. Wakasimama wakilitazama shimo, likijifunga taratibu.

"Baba Mitchel," Kageha akasema. Tangu Aprili hakuwa amemwita hivyo. "Jioni ile, hata mimi nilisema tungoje."

Haikuwa kweli. Jioni ile Kageha alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni kwa leso, mwavuli mkononi. Osundwa ndiye aliyesimama mlangoni, akamzuia. Wote wawili walijua. Osundwa alifungua mdomo amwambie si kweli, akauona uso wa Kageha, akafunga mdomo.

"Ndiyo," akasema. "Tulisema."

Walianza kurudi, wakalale kwao Kageha, Mbale. Mlima wa Riat hauna mchezo. Waliisukuma baiskeli, mmoja huku, mwingine kule. Katikati ya mlima Osundwa akasimama ghafla, akainama, ameshika magoti.

"Nini?"

"Miguu," akasema, kama mtu anayeleta habari kutoka mbali. "Miguu inaniuma."

Kageha akashika usukani.

"Leta," akasema. "Nitasukuma mimi."