Misumari Watakumbukwa na Nani

Simu ya mtangazaji ilimkuta msusi mikono imejaa mafuta, kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Aliibana simu kwa bega, akasikiliza huku akiendelea kusuka. Mtangazaji alisema wanaandaa kipindi kirefu cha Jumamosi, cha kuuliza ni wanamuziki gani wa roki ambao vitukuu wetu bado watawajua. Majina makubwa walikuwa nayo tayari, majina yanayojulikana kila pembe ya dunia. Ila marehemu baba yake yeye mtangazaji alikuwa haachi kuwataja Misumari, bendi ya vijana wanne waliowahi kutingisha kumbi za mji huu, na alikuwa amesikia kwamba mpiga ngoma wao bado yu hai.

"Ni baba yangu," msusi alisema. Vidole vyake vikasimama kwenye nywele za mteja.

"Basi niletee wimbo wao mmoja. Mmoja tu. Siwezi kuwaambia watu wamkumbuke mtu ambaye hawajamsikia."

Jioni hiyo alimkuta baba yake amekaa ukingoni mwa kitanda, ameuelekeza uso dirishani. Watu wa enzi zake walimwita Radi. Ngoma zilimla masikio nusu, na nusu iliyobaki ikamalizwa na mashine ya kusaga kokoto aliyoifanyia kazi baada ya bendi kuvunjika. Sasa hata mlango ukibamizwa nyuma yake hakugeuka. Yeye na bintiye walikuwa na njia yao: maneno mafupi aliyasoma midomoni, na marefu msusi aliyaandika kwa kidole katika kiganja cha baba, herufi kubwakubwa, moja juu ya nyingine.

Alimwandikia habari ya redio. Radi aliisoma, akamtaka aiandike tena. Kisha akainuka na kwenda kuvuta sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati.

Vitu vyote vya Misumari vilikuwa vimepotea. Santuri zao ziliteketea pamoja na studio. Bati, mwimbaji, aliyepewa jina hilo kwa sababu sauti yake ilikwaruza kama mvua ya mawe juu ya paa, alikufa kwa kifua. Kidole, mpiga gitaa, akamfuata mwaka huohuo. Yule wa besi alivuka mipaka, na tangu hapo kimya. Kilichosalia ni kaseti moja iliyorekodiwa ukumbini, nayo Radi hakuwa ameisikiliza tangu masikio yalipomuaga. Aliitunza tu, kaifunga kwa kitambaa kama dawa.

"Wameniachia mimi," alisema. Aliongea kwa sauti kubwa siku zote, maana hakujua sauti yake inafika wapi. "Nikienda mimi, hatabaki hata mtu wa kusema tulikuwepo. Unanielewa, mama? Hii ndiyo kufa na kupona."

Kesho yake walikwenda kwa fundi redio, kijiduka chembamba kilichojaa matumbo ya redio na harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Fundi alisafisha mashine yake ya kaseti kwa pamba na spiriti, akatumbukiza kaseti, akabonyeza. Radi aliweka kiganja juu ya spika, akafumba macho.

Ilitoka sauti ya mwanamke.

"Dada yangu, hujambo huko? Sisi huku hatujambo sana. Mtoto ndiyo anaota meno, hatulali..."

Msusi alijua ni nani kabla akili haijamwambia. Akajishikiza kwenye meza ya fundi. Mama yake alikuwa na miaka mingi kaburini, na hapa alikuwa anahema, anakohoa kidogo, anamsimulia dada yake wa ng'ambo habari za paa linalovuja. Nyuma yake kitoto kilikuwa kinalia, na kitoto hicho kilikuwa yeye mwenyewe. Zamani watu walitumiana salamu namna hiyo, kwa kaseti, ili ndugu asikie sauti. Kwa nini hii haikutumwa, wa kumuuliza hakuwepo.

Radi alifumbua macho. "Ngoma ziko wapi?"

Msusi aliushika mkono wake ulio huru. Akaandika: WIMBO WA POLEPOLE.

"Misumari hatukuwa na wimbo wa polepole," Radi alisema. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye spika, na uso ulianza kumbadilika. "Huyu anaongea. Hapigi, anaongea. Ni nani?"

Uongo ulimkatikia hapohapo. Aliandika: MAMA.

"Mama wa nani?"

WANGU.

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi. Radi alisimama kama gogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kupita kawaida yake, "Anasema nini?"

Msusi alimwandikia, sentensi nyingine akizifupisha. Meno ya mtoto. Paa. Halafu mama akacheka kidogo katika kaseti na kusema, "Shemeji yako amelala. Nimechukua moja katika hizi kaseti zake za makelele. Anazo nyingi, hatajua." Hapo msusi alisita. Lakini baba alikuwa amekitega kiganja, anangoja, kwa hiyo aliyaandika na hayo.

"Nyingi," Radi alisema. Alilitafuna neno hilo. "Nyingi zipi? Ilikuwa hii."

Mama alimuaga dada yake, akamwombea afya, kaseti ikaguguna. Kisha, bila kutarajiwa, ukapasuka mlio: pigo moja zito la ngoma, toazi likilia juu yake, na watu wengi wakipiga makofi na miluzi. Halafu kimya cha mwisho wa ukanda.

Radi aliruka kama aliyeguswa na umeme. "Hapo. Hiyo ni yangu. Rudisha, fundi, rudisha."

Fundi alirudisha. Pigo, toazi, makofi. Akarudisha tena. Mzee alilia kwa sauti bila kujua kwamba analia kwa sauti, na wapita njia wakachungulia mlangoni.

Hayo ndiyo waliyoyapeleka kwa mtangazaji. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, na alikisikiliza kipande hicho kwa heshima. "Ni mwisho wa wimbo, dada," alimwambia msusi. "Wimbo wenyewe hamna. Hapa nina makofi tu, na makofi ni ya mtu yeyote."

Radi alikuwa anaitazama midomo yake. Alichokikosa midomoni alikipata usoni.

"Nitaimba mimi," alisema. "Mwambie nitaimba mimi. Nyimbo zote ninazo kichwani, sijapoteza hata mstari."

Walimwingiza chumba chenye kuta zilizovishwa zulia, wakamkalisha mbele ya maikrofoni. Alianza kwa kupiga mapigo kwenye meza kwa vidole na viganja, na mapigo yalikuwa safi, yamenyooka kama uzi wa mjenzi, hata fundi mitambo upande wa pili wa kioo akaanza kutikisa kichwa. Kisha Radi akafungua kinywa.

*Usinizimie taa, bado sijauona uso wangu...*

Maneno yalikuwepo. Lakini sauti ilipanda pasipo ngazi na kushuka pasipo sababu, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba asiyoijua. Miaka ya uziwi ilikuwa imekula wimbo na kumwachia mapigo. Yeye hakujua. Aliimba kwa kujimwaga, mishipa ya shingo imemtoka, beti zote, na alipomaliza alitabasamu, akamgeukia bintiye. Fundi mitambo alikuwa amevua sikio moja la hedifoni na kuinamisha uso.

"Vipi?" Radi aliuliza.

Msusi alimwonyesha dole gumba. Alijichukia papo hapo.

Nje ya chumba hicho, mtangazaji alimshika msusi mkono. "Siwezi kuirusha hiyo. Watu watamcheka, na mimi sitaki achekwe. Nitafutie mtu mwingine anayeujua huo wimbo, mtu mwenye masikio. Akiuimba sawasawa, hata bila gitaa, nitauweka. Nakuahidi."

Mtu mwenye masikio. Msusi alizunguka mji kutwa nzima. Ukumbi mkubwa waliopigia ulikuwa ghala la vigae. Mlinzi wa zamani alikuwa amefariki. Mwishowe alibaki na mlango mmoja: mjane wa Bati. Tangu utotoni alimwita Mama Mkubwa.

Alimkuta anakunja nguo zilizokauka, akamweleza shida yake yote, akamwimbia mstari wa kwanza namna mbili tatu alizobuni kutokana na uimbaji wa baba. "Ni ipi, Mama Mkubwa? Hata ukiniambia tu ilikuwa inapanda au inashuka."

Mjane aliweka shati magotini. Alifikiri kweli, hilo msusi aliliona.

"Mwanangu, nikudanganye ili iweje? Walikuwa na makelele hao. Mimi nilikuwa nangoja nje mpaka wamalize. Niliolewa na mtu, sikuolewa na bendi." Kisha uso ukamchangamka. "Ngoja. Kuna mmoja alipenda kuuimba akinyoa ndevu." Akauimba kwa mdomo uliofumbwa, taratibu, akiyumbisha kichwa.

Msusi aliutambua kabla hajafika mbali. Ulikuwa wimbo wa bendi kubwa ya ng'ambo, ule ambao kila redio inaupiga, ule ambao hata yeye saluni huufuatisha bila kufikiri.

"Ndio huo?" mjane aliuliza kwa matumaini.

"Asante, Mama Mkubwa," msusi alisema, akamsaidia kumalizia kukunja shuka.

Jumamosi mchana Radi alivaa shati la kutokea. Aliisogeza redio katikati ya meza, akailazia kiganja tangu ishara ya kwanza ya kipindi. Msusi hakuwa amemwambia lolote. Kila siku alipiga moyo konde kwamba leo nitamwambia, na kila siku alipokiona kile kiganja kikimngoja, ulimi na kidole vilimganda.

Kipindi kilikuwa kizuri, hilo halikuwa na ubishi. Mwalimu mmoja wa muziki alisema watakaodumu ni wale wenye nyimbo ambazo mtoto anaweza kuziimba bila ala. Mwingine akasema hapana, watadumu waliokufa vijana, kwa sababu picha zao hazizeeki. Wasikilizaji walipiga simu, wakagombana, wakataja majina yaleyale, na kila jina lilifuatwa na kipande cha wimbo. Kila kipande kilipoanza, Radi alikaza mkono juu ya redio, akasikiliza kwa ngozi, akatikisa kichwa. "Si sisi. Huyu wa ngoma anakimbilia." Na kingine. "Si sisi."

Mwisho mtangazaji alishukuru wageni wake. Akasema kwamba wapo na wengine wengi ambao muda haukutosha kuwataja. Yakaingia matangazo ya sabuni.

Radi alihisi mabadiliko. "Mbona anaongea haraka hivi? Wamefika kwetu?"

Kidole cha msusi kilisimama juu ya kiganja cha baba. Angeweza kuandika neno moja na mzee angelala usingizi wa raha usiku huo. Alifikiria hivyo. Halafu akaandika, herufi baada ya herufi: WENGINE WENGI.

"Wengine wengi," Radi alirudia. Alikitazama kiganja chake kana kwamba maandishi yamebaki. "Ndio sisi hao?"

Msusi aliitikia kwa kichwa.

"Na nilivyoimba?"

Hapo ndipo alipomwambia yote: sauti yake ilivyokwenda, mlango wa Bati, mjane aliyekuwa akingoja nje. Aliandika mpaka kidole kikamuuma. Alipomaliza, mdomo wa Radi ulikuwa unachezacheza, na binti akaogopa kwamba amemvunja kabisa.

"Kumbe niliimba ovyo," alisema mwishowe. "Na wewe ukanionyesha dole gumba."

Akaizima redio, akaisukuma kando, kisha akamvuta bintiye kwa mkono mpaka wakakaa goti kwa goti. Kiganja chake kikubwa, kigumu, alikiweka kwenye koo la msusi.

"Imba."

"Siujui, baba," alisema kwa midomo.

"Hakuna anayeujua. Imba."

Aliimba. Mkono wa pili wa Radi ulikuwa unapiga mezani. Mara ya kwanza alimsimamisha mapema: neno *bado* liingie nyuma ya pigo, si juu yake. Mara ya pili alisema hapa Bati alikuwa anavuta, vuta basi, usimeze. Kuhusu kupanda na kushuka hakuwa na la kumwambia, na wote wawili walijua. Msusi alichagua sauti kwa kubahatisha, akaibadilisha, akairudia, na hakuna aliyeweza kumwambia kama amepata au amepotea. Huenda alikuwa anatunga wimbo mwingine kabisa juu ya maneno ya wafu.

Jirani aligonga ukuta. Sauti ilianza kumkauka msusi, machozi yakimtiririka mpaka kwenye mkono wa baba, na mkono haukuondoka.

"Umechelewa mstari wa pili," Radi alisema. "Tena."