Sitanii, Tomasi

Mdomo wangu hauna breki, kijiji kizima kinajua. Mimi Bibi Modesta nikikutania, utacheka mpaka mbavu ziume. Basi siku niliyosema kweli, nani angeniamini?

Mjukuu wangu Witness, wa miaka miwili, alishikwa na surua. Mama yake yuko kiwandani Kihonda, mimi ndiye niliyekuwa naye huku mlimani. Vipele vikaanza kukauka, akaomba uji. Nikasema asante Mungu, imemwachia. Mhudumu wa afya akanikatisha. "Bado, bibi. Surua inauacha mwili hauna kinga. Mwenye mafua asimsogelee."

Ndipo akaja Tomasi, mtani wetu wa ukoo, kumjulia hali mgonjwa. Anakohoa huyo, kamasi zinamchuruzika!

"Tomasi, ishia hapo hapo! Utaniulia mtoto!"

Akacheka. "Umeanza lini kuwa na huruma, mchawi mkubwa wewe? Nimemfuata mke wangu Witness."

"Sitanii, Tomasi!"

"Na mimi sitanii." Akamnyanyua Witness, akambusu mashavu yote mawili. Nikapiga kelele, nikamvuta shati. Majirani wakacheka na kupiga makofi. Jamani! Mimi nataka kulia, wao wanaona mchezo.

Haikupita wiki, Witness akaanza kuhema kwa shida, mbavu zinabonyea. Tukashuka naye mjini kwa bodaboda. Daktari akamwekea oksijeni, akanieleza taratibu: surua peke yake angeishinda, na mafua peke yake yangekuwa kamasi tu. Lakini virusi viwili kwa mpigo, mwili uliokwisha kuchoka haukuwa na nguvu ya kupigana huku na huku.

"Sasa si umpe dawa?"

"Bibi, tumempa kila tulichonacho."

Mikononi alikuwa na mipira ya dripu, nikamshika kidole cha mguu. Sikuwa na kingine cha kufanya. Mchana kweupe, wenzangu wodini wanakula, akaacha kuhema.

Msibani kwetu watani ndio wenye kazi, kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Tomasi alisimama nje ya mlango, kitambaa mdomoni. Hakuigiza chochote.

"Mtani," akasema, "niingie?"

Ee Mungu wangu. Sasa ndipo anauliza.

"Ingia tu," nikamwambia. "Kohoa unavyotaka."

Watu mkekani wakaangua kicheko. Walidhani namtania.