Pini Mdomoni

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi, na kwa miaka mitatu nilivaa sketi nyeusi tu. Wateja walidhani ni mtindo. Ukweli ni kwamba nikipiga chafya, mkojo ulinitoka. Kupiga magoti kupima pindo nikawaachia wengine, na wifi yangu, mwenye duka, akaona.

"Gauni la yule mwalimu atalimalizia mwingine," akaniambia. "Wewe siku hizi unakimbilia chooni kama umeajiriwa huko."

Gauni lile nililikata mwenyewe! Nilikasirika.

"Kipimo cha mwisho ni baada ya wiki kumi," nikamjibu. "Nitapiga magoti mwenyewe. Nikishindwa, mpe umtakaye."

Jumamosi nikaenda darasa la yoga la mkunga mmoja mstaafu, nyuma ya zahanati. Tulikuwa wanawake tisa, na magoti yetu yalilia kuliko milango. "Mficha uchi hazai," alisema mkunga, basi tukasema yote.

Nililala chali, nikainua nyonga, nikabana misuli ya kuzuia mkojo. Wiki nne, wapi! Siku moja mkunga akainama juu yangu.

"Mbona umekaza midomo hivyo?"

Nikacheka. Miaka thelathini nimeshika pini kwa midomo, pumzi nimeizuia nisije nikazimeza.

"Basi ndiyo hiyo. Ukizuia pumzi unasukuma chini. Toa pumzi, kisha vuta juu."

Kuanzia siku hiyo pini zangu zilikaa kwenye kimto mkononi, na kila pindo likawa zoezi.

Wiki ya kumi, mwalimu alisimama juu ya kigoda ndani ya satini nyeupe. Nikapiga magoti. Wifi alikuwa mlangoni, kakunja mikono. Vumbi la chaki yangu ya kuwekea alama likanipanda puani. Nikatoa pumzi, nikavuta juu, nikapiga chafya iliyotikisa pindo zima.

Kavu. Kavu kabisa!

Mwalimu akacheka, nami nikacheka. Wifi naye akaangua kicheko, halafu ghafla akabana mapaja na kushika fremu ya mlango. Kicheko kikamkatika.

Uso ule niliujua. Maneno ya kulipiza yaliniwasha ulimini, sisemi uongo. Nikachomeka pini ya mwisho kwanza.

"Wifi, Jumamosi twende wote."

Akainamisha macho kwenye sketi yake. Ndipo nami nikaiona: nyeusi.

"Wiki kumi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa mbishi kama wewe, kumi na mbili."