Mdomo wa Alumita

Vaciseva, au Seva kama tulivyozoea kumwita, alipoanza kuchora hadithi ya Tinai alikuwa akichora kwa hasira tu, wala hakujua itasomwa na nani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia rangi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Nabua, mtaa mmoja wa Suva, mji mkuu wa Fiji, juu ya duka la unga na dawa za mbu, na mvua ikinyesha tulikuwa tukisogeza karatasi zetu kutoka kona hii kwenda kona ile, tukilikimbia paa lililovuja.

Ilikuwa hadithi ya Suva ya miaka mingi ijayo, bahari ikiwa imeshaumeza mji na watu wanaishi juu ya vyelezo. Katika mji huo msichana akiolewa, mdomo wake hutolewa usoni na kuwekwa kwenye kisanduku, na kisanduku hupewa mume. Mume akitaka mkewe aimbe kanisani, humrudishia kwa muda. Ibada ikiisha, anauchukua. Tinai, mwanamke wa hadithi, anatoroka kila mara, na kila mara anarudishwa. Wanaomrudisha si askari. Ni kaka zake na wajomba zake, wanaopiga makasia taratibu huku wakimbembeleza kama mtoto mgonjwa.

Vijana wa chuo walianza kuisoma kwenye simu. Baadaye Naresh, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, akaanza kutuchapia vitabu, na Torika, muuza magimbi wa sokoni, akawa anaviweka juu ya mafungu yake.

Siku moja tulialikwa chuoni kuzungumza. Kijana mmoja akasimama nyuma, amevaa jezi ya raga. "Dada, mkono wako ni mzuri, sikatai," alisema. "Lakini nani amewahi kumtoa mwanamke mdomo hapa Fiji? Mama yangu akianza kusema, hata redio inajizima yenyewe."

Ukumbi mzima ulicheka. Seva naye alicheka. Tulipomsimulia Torika, yeye hakucheka.

"Huyo mwenye kisanduku ni mume wangu," alisema, akimwagia magimbi maji ili yasisinyae. "Sijui mlimwona wapi. Pua tu ndiyo mmekosea. Yake ni pana zaidi."

Seva alikuwa na mdogo wake, Alumita, aliyeolewa upande wa Nausori, kando ya mto Rewa. Mumewe, Jope, alikuwa mtu wa kupendwa. Aliimba sauti ya chini katika kwaya, alibeba majeneza ya watu asiowajua, na watoto wa kijiji walimrukia mgongoni akipita. Walikuwa na binti mmoja mdogo, Ateca.

Jumamosi moja mchana Alumita alipanda ngazi zetu bila mtoto. Alikuwa ametoka hospitali. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja kama embe lililoanguka, na taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, meno ya juu na ya chini pamoja.

Seva alimtazama, kisha akageuka mbio na kuanza kuzilaza karatasi zote kifudifudi.

"Usizifiche," Alumita alisema. Sauti ilipenya kati ya meno, nyembamba, kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili. "Nimeshazisoma. Jirani anazo kwenye simu."

"Ni Jope?"

"Nani mwingine?"

"Kwa sababu gani?"

"Samaki wa kopo. Nilimpa binamu yake bila kuuliza."

Nilimchemshia supu, nikaichuja, akainywa kwa mrija. Seva alikaa sakafuni akiishika miguu ya mdogo wake, akirudiarudia, "Mimi ndiye niliyekuchora hivi. Mimi ndiye niliyekuchora." Alumita alichoka kumsikiliza. "Acha ujinga, Seva. Alianza kabla hujaanza."

Tulimpeleka kituo cha polisi. Askari aliandika maelezo yake vizuri, akamwita "mama" kwa heshima, akamletea kiti. Tukatoka pale na moyo kidogo. Lakini kabla wiki haijaisha baba yao, Mzee Apenisa, akapiga simu. Ukoo wa Jope walikuwa wanakuja kuomba msamaha, na Alumita alitakiwa awepo.

"Siendi," Alumita alisema. Kisha akasema, "Ateca yuko kwao." Akaenda kuvaa.

Waliingia nyumbani kwa Mzee Apenisa wakiwa wamenyooka safu, wazee mbele, na kifungu cha mizizi ya kava, kinywaji cha wazee, na jino la nyangumi lililong'aa kwa kushikwa na vizazi; likipokelewa, kosa limesamehewa. Waliketi mkekani. Msemaji wao alikuwa na maneno matamu. "Kijana wetu amekosa," alisema. "Tumeleta vichwa vyetu. Hatuna cha kujitetea." Jope alikaa nyuma yao, analia. Sitadanganya, alikuwa analia machozi ya kweli.

Sisi wanawake tulikuwa tumekaa mlangoni. Mzee Apenisa aliponyoosha mikono kulipokea jino, Seva alisimama.

"Baba, usilipokee."

Shangazi yao alimfinya Seva paja. "Kaa chini! Una wazimu?"

"Mtazame Alumita kwanza, Baba. Muulize yeye."

Mzee Apenisa hakugeuka. "Atanijibu nini?" alisema polepole. "Hawezi kufungua mdomo."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeumia. Kisha akalipokea jino, wanaume wakapiga makofi mazito ya viganja, kava ikakorogwa kwenye bakuli kubwa, na Jope akanyweshwa kama wenzake. Kabla jua halijapungua ukali Alumita alikuwa ameondoka nao, amebebeshwa mkeka mpya.

Seva alimfuata baba yake jikoni. "Umemuuza."

"Nyumba hii imesimama kwenye ardhi ya nani?" Mzee aliuliza. "Nani alituazima hapa tulipofukuzwa na mafuriko? Wao. Nikikataa jino lao, kesho nilale wapi, na mama yako asiyeweza kutembea nimpeleke wapi? Kwenye vyumba vyenu vinavyovuja?" Akafuta uso kwa kiganja. "Wewe chora tu, mwanangu. Kwenye karatasi kila mtu ni shujaa."

Tulirudi polisi. Askari yule yule alitazama kalamu yake. "Sheria inasema kesi isifutwe, dada. Lakini wazee wameshapatana. Nani atakuja kutoa ushahidi?"

Basi Seva alikaa mezani, akachora. Safari hii hapakuwa na bahari wala vyelezo. Alichora sebule ya Mzee Apenisa kama ilivyo, kalenda ya kanisa ukutani, viatu mlangoni, safu ya wazee, jino, mikono ya baba yake inayolipokea. Kila uso ulikuwa na mwenyewe. Mkekani, kando, mwanamke asiye na mdomo ameinamisha kichwa. Nilimwomba ambadilishe mzee japo ndevu. Alikataa.

Naresh alizipitia kurasa akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso. "Seva, ulisema hii ni hadithi ya wakati ujao."

"Haijawahi kuwa ya wakati ujao."

Aliguna, lakini alichapa. Kitabu kilikwisha sokoni kama mkate wa moto. Wanawake walikuwa wakikinunua na kukificha ndani ya majani ya magimbi. Kisha wakaja vijana wa ukoo wa Jope, wakapindua meza ya Torika, wakakanyaga mali yake yote na kuondoka wakiimba. Naresh alituambia tusimletee kazi tena, ana watoto. Mzee Apenisa akaacha kupokea simu za Seva. Lakini kelele zile zilifika mbali, na polisi, kwa kuona aibu, wakaipeleka kesi mahakamani.

Tulienda Nausori tukiwa na tumaini. Ninalisema wazi kwa sababu ndilo lililotuumiza zaidi. Waya ulikuwa umeshatolewa. Alumita alisimama kizimbani amevaa gauni la kanisani, taya limekaa upande kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile tukasikia sauti yake nzima.

"Nilianguka bafuni," alisema.

Hakimu alimuuliza tena, kwa upole, kama anaelewa maana ya kiapo. Alisema anaelewa. "Nilianguka bafuni. Mume wangu ndiye aliyenibeba."

Jope aliachiwa. Nje watu wake walimkumbatia, mtu akapiga mluzi kama kwenye mechi. Alumita alimwomba mumewe dakika moja aseme nasi, naye Jope, mbele za watu, akaitikia kwa tabasamu pana.

"Kwa nini?" Seva alimuuliza. "Mdomo ulikuwa wazi, Alumita. Ulikuwa wazi!"

"Wazi wa kusema nini? Niseme kweli, halafu nirudi wapi? Ateca ni mtoto wao. Wangemtoa? Baba angelala wapi?" Alikuwa anasema haraka, macho yakimtafuta Jope. "Nawe umenichora bila kuniuliza. Kila mtu sokoni ananisemea. Jope ananisemea, Baba ananisemea, wewe unanisemea. Tena umenichora nimeinamisha kichwa."

"Nilikuona..."

"Hukuniona. Sikuinama hata kidogo. Nilikuwa nakutazama wewe uliposimama. Nilikutazama muda wote, Seva, nikikuombea usikae."

Seva aliziba uso kwa mikono. Jope aliita kutoka kwenye gari, kwa sauti ya mzaha, "Shemeji, nirudishie mke wangu!" Watu wakacheka.

Alumita alimshika dada yake kiwiko. "Sikiliza. Mimi niache. Ateca akikua, siku moja akija kwako mwenyewe, mfungulie. Usimuulize kitu. Mfungulie tu." Kisha akaenda, akaingia kwenye gari kiti cha nyuma.

Tangu hapo hatukuruhusiwa kufika kwao. Tulienda mara nyingi, tukasimama kwenye uzio, tukaambiwa hayupo, na nguo za mtoto zikiwa zimeanikwa zinadondosha maji mbele yetu. Mwaka uliofuata wachapishaji wa Auckland, New Zealand, walimwandikia Seva. Walitaka hadithi yote ya Tinai, na walikuwa tayari kumpa kazi na mahali pa kukaa. Nilifurahi hadi nikalia. Yeye aliwajibu siku hiyo hiyo kwamba haendi.

"Ateca anapajua hapa," aliniambia. "Mama yake alimleta mara mbili alipokuwa anatambaa."

"Seva, mtoto aliyekuwa anatambaa atakumbuka nini?"

Hadi leo hajamaliza kurasa za mwisho. Anamchora Tinai amenyanyua kichwa, anaitazama karatasi, kisha anaichana. Sasa tunaishi kwa kuchora mabango ya mashule na kadi za harusi.

Torika ndiye anayetuletea habari, kwa kuwa Alumita hununua magimbi kwake mumewe akiwa pembeni. Hawasemezani zaidi ya bei. Wiki iliyopita Torika alipanda ngazi zetu akihema, akaketi, akaomba maji.

"Umemwona?" Seva alimuuliza.

"Nimemwona."

"Yukoje?"

Torika aliyanywa maji yote kwanza, akaiweka bilauri chini, akaitazama.

"Yuko hai," alisema.