Mbetula Uliopinda

Ilikuwa siku ya tisa nikichora mbetula ule uliopinda. Majani yake ya njano yalishapukutika nusu, na kila upepo ulipopita niliutukana. Rangi niliyoichanganya asubuhi, kufika saa sita haikufanana na kitu chochote msituni. Na maonyesho ya kijiji yalikuwa Jumapili.

Ndipo akatokea shangazi Klavdia na kikapu chake cha uyoga, amekifunika kwa majani kama kawaida yake. Huyu ndiye aliyenilea, na tangu nishike brashi hajawahi kusifu picha yangu hata moja. Aliitazama turubai, akanuna.

"Gleb, huo mti utoe."

"Niutoe vipi? Ndio picha yenyewe hiyo."

"Hapa nachuma mimi, mwaka wa arobaini huu. Hata marehemu mume wangu sikumwonyesha. Wewe unataka kupatundika ukutani?"

"Shangazi, watu watakuja kuangalia picha, sio kutafuta uyoga."

"Kijiji hiki? Huwajui watu wako wewe."

Nilijaribu, Mungu ananiona. Jioni ile niliufunika mti kwa rangi ya kijivu, na picha ikafa palepale. Kwa hasira nikaikwangua rangi kabla haijakauka, mti ukarudi. Nikajiambia uyoga huota popote.

Jumapili, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, watu walisongamana mbele ya picha yangu. Nilifurahi mno, nikasogea kuwasikiliza.

"Huo si mbetula wa nyuma ya kinu?" aliuliza jirani yetu Rimma.

"Wapi. Tazama kivuli kilivyolala, jua la asubuhi hilo. Ni ng'ambo ya kijito."

"Kumbe. Na Klavdia anavyotuzungusha miaka yote hii."

Kivuli kile kilinitesa siku tisa, wao wakakisoma kama ramani. Rangi ya njano hakuitaja hata mmoja.

Jumatatu kulipokucha nilikimbilia msituni. Ardhi ilikuwa imekanyagwakanyagwa, vikonyo vya uyoga vimekatwa kila mahali. Shangazi alikuwa amesimama chini ya mbetula na kikapu kitupu. Nilisogea nimwombe radhi.

Aliutazama mti, kisha akanitazama mimi.

"Umechora vizuri, mwanangu," alisema. "Kila kitu umekiweka mahali pake."