Kitenge cha Gakiza

Gakiza alimfuta Mama Marguerite kwa mkono wa koti lake. Haikuwa kazi ngumu, ilikuwa chaki tu. Asubuhi nzima Benedicte, mchoraji, alikuwa amemchora marehemu mama yake katikati ya ukuta wa soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ameketi nyuma ya meza ya vitenge. Sasa palibaki doa jeupe.

"Weka mi hapo," Gakiza alisema. "Mi njo nilianzisha hii soko. Bantu bote banajua."

Alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara, na shirika dogo la sanaa la Lilongwe, lililotoa pesa za rangi, lilikuwa limeiachia kamati yake iamue nani achorwe. Ukuta ungesimulia historia ya mahali hapa: gereza la zamani, mahema ya kwanza, wapiga ngoma wa Burundi, vinyozi wa Bukavu, vijana wa kabaza wanaobeba abiria kwa baiskeli zao. Katikati angekaa mtu aliyetandika bidhaa kabla ya wengine wote. Mtu huyo alikuwa Marguerite. Gakiza aliipata meza yake siku aliyozikwa; watu waliporudi kutoka makaburini walikuta amekwishapanga vitu vyake juu yake.

Benedicte hakubishana. Alimwita papa, kama alivyowaita wazee wote wa sokoni. "Sawa, papa. Nitakuchora na kitenge kwa bega, kama mufanyabiashara mukubwa. We utachagua mwenyewe."

Alipokwenda Lilongwe kununua rangi, alipita mtaa wa Kawale akatafuta vipande viwili vya kitenge: kimoja cha kijivu, kingine cha kahawia kama maji ya mtaro. Cha tatu alikitoa sandukuni kwake. Kilikuwa cha bluu iliyokolea, chenye mbayuwayu wa njano.

Jora la kitenge hicho Marguerite alilinunua karibu na kufa kwake, na halikuwahi kufika mezani. Wanawake wa soko walilifungua wakati wa matanga, wakalikata, kila mmoja akajifunga kipande kwenda kumzika. Kisha wakavikunja, kwa maana haikuwa nguo ya kuvaa kwenda kununua vitunguu. Aliyekuwepo makaburini aliwajua mbayuwayu wale. Asiyewajua hakuwepo.

Gakiza alivitazama vitambaa vyote bila kuvigusa. "Hivi viwili ni vya bamaskini. Chora hiki cha ndege. Na njano ing'ae, bantu banione toka kwa barabara."

"Batakuona, papa."

Alimchora kwa uaminifu. Hakumpunguzia kimo wala kumharibu pua. Hata kovu la kidevuni aliliweka mahali pake. Kitenge alikipaka mwisho, nyuma ya turubai, akamwambia mtu mmoja tu ni kitenge kipi: Jeannette, muuza vitunguu. Kwa Jeannette habari haikai.

Siku ya uzinduzi Gakiza alisimama chini ya picha yake katika suti, pembeni yake bibi wa shirika kutoka Lilongwe. Turubai ikashushwa. Watu walipiga makofi, kisha makofi yakapungua, kwa sababu wanawake walikuwa wakiingia kutoka upande wa mashine ya kusaga, mmoja mmoja, kimya, kila mmoja amejifunga mbayuwayu wa njano.

Gakiza alitabasamu. "Banavaa kama mi," alimwambia mgeni. "Ni heshima."

"Hapana, papa," Jeannette alisema, bila kupaza sauti. "Hii njo nguo tulimuzikia Mama Marguerite, mwenye hii soko. Soko nzima tulikuwa kule. We huikumbuke?"

Mgeni alimgeukia Gakiza. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Alikuwa kwa meza ya marehemu," Jeannette alijibu kwa niaba yake. "Anapanga sabuni."

Wa kwanza kucheka alikuwa kinyozi, kisha vijana wa kabaza. Gakiza alitazama ukuta kana kwamba ameuona sasa hivi.

Jioni alimkuta Benedicte akisafisha brashi. "Futa ile kitenge, mwanangu. Weka ya kijivu."

"We njo ulichagua, papa. Ita kamati, ubaambie sababu mbele ya bantu. Kisha nitafuta."

Gakiza alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akaondoka.

Benedicte alifungua kopo la vanishi ya kukinga mvua. Ukuta mzima aliupaka mara moja. Mbayuwayu aliwapaka mara mbili.